Gari la zamani na waya wa betri ulioliwa: kwa nini fyuzi haibadilishwi kwa waya mnene

Sheria za kuingiza magari yaliyotumika hutofautiana katika nchi za Afrika Mashariki. Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, mwaka 2018, ilipiga marufuku uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania huyapokea yaliyo makuukuu, lakini huyatoza ushuru wa ziada. Hata hivyo, sheria hizo huishia bandarini na mpakani. Gari lililokwisha kusajiliwa huendelea kuzeeka barabarani, na ndiyo maana Toyota Land Cruiser na Hilux zilizoundwa katika miaka ya 1980 zingali zinabeba abiria na mazao hadi leo.

Magari hayo husifiwa kwa injini zisizochoka. Udhaifu wao mara nyingi hujificha kwingine: katika nyaya fupi zinazotoka kwenye betri. Dalili zake ni nyingi. Stata huzunguka kwa unyonge, taa hufifia, au gari huzimika ghafla linapopita kwenye mashimo. Mwenye gari hununua betri mpya, na baada ya wiki chache tatizo hurudi lile lile.

Chanzo ni kemikali. Betri ya risasi hutumia asidi ya salfa, na inapochajiwa hutoa gesi pamoja na mvuke mwembamba wenye asidi. Mvuke huo hutua kwenye vichwa vya betri na kula madini. Unga mweupe au wa kijani-buluu unaoonekana hapo ndio masalio ya mlo huo. Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana: asidi hupenya chini ya mpira wa waya na kusafiri katikati ya nyuzi za shaba. Kwa nje waya huonekana mzima, ilhali ndani nyuzi zimekuwa nyeusi na nyingine zimekatika.

Hesabu ndogo yaonyesha uzito wa jambo hili. Stata ya injini ya petroli yaweza kuvuta ampea 150 hadi 200, na ya dizeli huvuta zaidi. Ukinzani wa omu 0.005 tu, mkondo ukiwa ampea 200, hupoteza volti 1 nzima njiani. Volti hiyo hugeuka joto la wati 200 mahali palepale penye kutu. Waya ulioliwa, basi, huinyima stata nguvu na pia hujipasha moto.

Hapa ndipo waya-fyuzi unapohitajika. Katika magari mengi ya zama zile, karibu na kichwa chanya cha betri pana kipande kifupi cha waya kinachofanya kazi ya fyuzi. Kipande hicho kimekusudiwa kuwa chembamba kuliko waya kinaoulinda. Kwa kawaida shaba yake ni kama mara mbili na nusu ndogo kuliko ya waya huo. Waya wa milimita za mraba 5, kwa mfano, hulindwa na kipande cha milimita za mraba 2. Ganda lake ni la aina maalumu isiyoshika moto kwa urahisi. Hitilafu kubwa ikitokea, kipande hicho huyeyuka ndani ya ganda lake, na nyaya nyingine zote husalimika.

Asidi haimwachi mlinzi huyo pia. Kikishaliwa, kipande hukatika bila hitilafu yoyote, na gari hubaki bila umeme. Kukipima ni rahisi: betri ikiwa imefunguliwa, kivutwe polepole kwa vidole. Kikinyumbuka kama mpira, shaba ya ndani imekwisha kukatika.

Kishawishi hapo ni kuunganisha kipande chochote cha waya kilichopo, tena kinene ili kisikatike tena. Gari litawaka, lakini mlinzi ameondolewa. Siku nyaya zitakapogusana, hakuna kitakachoyeyuka kwanza. Utaungua mfumo mzima wa nyaya, na pengine gari lenyewe. Kebo ya stata, ambayo kwa kawaida haina fyuzi, yafaa kuwa nene na safi kadiri iwezekanavyo. Waya-fyuzi, kinyume chake, lazima ubaki dhaifu kwa kipimo kile kile cha awali, na usizidi urefu wa sentimita 23 hivi.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua kichwa hasi cha betri, kisha chanya. Kinyume cha hapo, spana ikigusa bodi itazua cheche, nayo gesi ya betri hulipuka. Macho na mikono vikingwe, na sigara iwekwe mbali. Unga wa asidi huoshwa kwa maji yenye magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, kisha kwa maji safi. Kebo hukatwa hadi ionekane shaba inayong'aa. Isipoonekana, kebo nzima hubadilishwa. Kichwa kipya hubanwa kwa kifaa chake, si kwa nyundo, kisha kiungo hufunikwa na kupakwa grisi. Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi usisahauliwe, kwa kuwa umeme hurudi kwa njia hiyo. Wakati wa kufunga, kichwa chanya hutangulia na hasi humaliza.

Mwisho ni kupima. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6, injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Mita ikiwekwa kutoka nguzo chanya ya betri hadi kwenye stata wakati inapozunguka, isisome zaidi ya nusu volti.

Fundi akimaliza, mwenye gari ana haki ya kumuuliza swali moja: waya-fyuzi umewekwa wa kipimo gani? Jibu likiwa ni kwamba umewekwa waya mnene ili usisumbue tena, kazi hiyo haijaisha.