Insha ya Vyanzo Si Ufupisho

Kila mwezi wa Mei, wanafunzi wa sekondari nchini Marekani hufanya mitihani ya AP (Advanced Placement) inayosimamiwa na shirika la College Board. Mmojawapo wa mitihani hiyo ni wa Lugha ya Kiingereza na Utunzi, na anayeufaulu vizuri aghalabu husamehewa somo la uandishi akifika chuo kikuu. Sehemu yake ya pili ina insha tatu za kuandikwa kwa saa mbili na robo. Ya kwanza ndiyo inayowatoa jasho watoto wetu waliohamia huko, na hata wale wanaofuata mtaala huo katika baadhi ya shule za kimataifa jijini Nairobi.

Mtahiniwa huwekewa swali pamoja na vyanzo vifupi, siku hizi sita: vipande vya makala, ripoti, picha, pengine jedwali la takwimu. Achukue msimamo, kisha autetee kwa vyanzo visivyopungua vitatu. Swali la namna hii liliingizwa mwaka 2007. Mwaka 2012 liliuliza iwapo Shirika la Posta la Marekani lifanyiwe mageuzi. 2016, iwapo mtu ajuaye Kiingereza pekee yuko nyuma katika dunia ya leo. 2019, mambo gani yazingatiwe kabla ya kujenga mitambo ya umeme wa upepo.

Kwa maoni yangu, kinachowakwamisha watoto wetu si Kiingereza. Aliyepitia mfumo wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, amefunzwa kazi mbili tofauti katika Kiswahili. Karatasi ya Insha inamtaka aandike yaliyo kichwani mwake, maneno yasiyopungua 400. Karatasi ya Pili ina ufupisho: anapewa kifungu, anakibana, na akichomeka maoni yake anahesabiwa amepotoka. Sasa anatakiwa kufanya yote mawili kwa mpigo. Akishaona maandishi ya watu mbele yake, mkono unakwenda kwenye ufupisho wenyewe, na kinachotoka ni hiki (mfano ni wangu, kwa swali la upepo):

“Chanzo B kinasema wakulima wanapata kodi ya ardhi. Chanzo E kinasema mitambo ina kelele. Chanzo C kinaonyesha kwamba gharama zimeshuka.”

Hakuna kosa la sarufi hapo, wala hakuna uongo. Ila mwandishi hayupo. Sasa tazama vyanzo vilevile mikononi mwa mwenye hoja:

“Kodi ya ardhi inamnufaisha mwenye shamba (Chanzo B), ilhali kelele zinamfikia hata jirani asiyepata senti (Chanzo E). Kabla ya kupima kasi ya upepo, basi, mpangaji wa mradi aulize nani atalipwa na nani atavumilia bure.”

Vyanzo vimesukumwa ndani ya mabano na wazo la mwandishi ndilo linaloongoza sentensi. B na E, ambavyo havikuandikwa kujibizana, vimekalishwa pamoja vikazaa swali ambalo hakuna hata kimoja kilicholiuliza. Chanzo C kimeachwa, na hakuna ubaya. Wakili haiti kila aliyeshuhudia ajali; anamwita anayemfaa, na shahidi wa upande wa pili anamhoji.

Alama zenyewe zinaelekea huko huko. Jumla ni 6: moja kwa hoja kuu inayoweza kutetewa, nne kwa ushahidi na ufafanuzi wake, na moja kwa ukomavu wa fikra. Atakayetumia vyanzo viwili tu, katika zile nne hapati zaidi ya moja. Atakayetumia vitano bila kueleza vinaisaidiaje hoja yake hatafika mbali pia.

Kuhusu saa: dakika 15 zimetengwa kwa kusoma, na 40 hivi kwa kuandika. Wengi huzimaliza zile 15 wakipiga mistari chini ya kila sentensi inayong’aa. Heri mtu asome swali mara mbili na kuweka msimamo wa muda kabla hajagusa Chanzo A. Hapo atasoma akiwinda. Asiruke maelezo mafupi yanayotangulia kila chanzo, maana yanataja nani aliandika, wapi na lini. Tovuti ya kampuni inayouza mitambo na barua ya mwanakijiji hazisomwi kwa jicho moja, na kulisema hilo ndani ya insha ni ufafanuzi unaohesabika.

Halafu kuna akiba ambayo watoto wetu huiogopa: wanayoyajua wao. Hakuna kinachowakataza kuyatumia, mradi vile vyanzo vitatu vipo. Mwenye habari za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ulioko Marsabit nchini Kenya, wenye mitambo 365 na mgogoro wa ardhi uliofika mahakamani, ana ushahidi ambao jirani yake wa Ohio hana. Sentensi mbili zinatosha, maana akizidisha atajikuta anaandika insha nyingine.

Hitimisho halikutengewa alama yake pekee. Zikibaki dakika tano na aya ya mwisho haijaanza, mtahiniwa arudi kwenye aya zake za katikati, atafute nukuu iliyoachwa bila maelezo, aiongezee sentensi moja inayoanza na “kwa hiyo”.