Jahazi Nchi Kavu Wakati wa Kusi

Kusi inapoanza kuvuma pamoja na mvua za masika, mabaharia wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hupumzisha vyombo vyao vya matanga na kuvitengeneza. Mwenye jahazi huwa na swali moja: aliache nangani, alipweleze mahali pafikiwapo na maji kila siku, au alipandishe hata nchi kavu?

Jahazi likibaki majini huliwa. Adui wake ni Teredo, kiumbe mwenye umbo la mnyoo lakini wa jamii moja na chaza. Huingia ubaoni angali mchanga, kwa tundu mfano wa ncha ya sindano, kisha hukua humo akichimba njia. Ubao huonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Kupweleza peke yake hakumwui, kwa kuwa maji yakitoka huziba tundu lake kwa vigae viwili vidogo na kuvumilia hivyo hata majuma kadhaa. Ndiyo maana ubavu huchomwa kwa moto wa makuti kabla ya kupakwa deheni.

Nchi kavu nako kuna hasara yake. Maji ya mti ni ya namna mbili. Yale yaliyo katika uwazi wa seli hutoka kwanza, na ubao haubadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, huanza kutoka maji yaliyoshikamana na kuta za seli, na hapo ubao husinyaa. Kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa sentimita 20 ukisinyaa kwa asilimia 2 tu hupoteza milimita 4, na kalafati hulegea. Mbao zikinywa maji hufura tena, ila chombo kilichokauka mno huweza kujaa maji kabla hazijafura. Kivuli cha makuti basi ni cha lazima, hasa upande wa jua la alasiri, na sitaha imwagiwe maji ya bahari asubuhi na jioni. Maji ya mvua yasiachwe yatuame ngamani: huozesha mti, na kila mita moja ya ujazo huongeza tani nzima juu ya magadi.

Magadi yenyewe mara nyingi hutumiwa vibaya. Kazi yake ni kulizuia jahazi lisilale, si kulibeba. Uzito wote uchukuliwe na mkuku, juu ya magogo yaliyopangwa kwa urefu wake wote. Magogo yakiwa katikati tu, omo na tezi huinama. Kila gadi liegemee mahali penye taruma, kwani likisukuma ubao mtupu huubonyeza ndani, na chini yake kiwekwe kipande cha ubao lisididimie mchangani.

Lipo pia suala la muda. Bamvua hurudi kila baada ya siku 15 hivi, na jahazi lililopandishwa kwa bamvua haliwezi kushushwa kwa maji mafu. Kwa kuchoma na kupaka, kipindi kimoja hutosha, wala hakuna faida ya kulikausha zaidi. Atakayebadili mbao ahesabu vipindi viwili au vitatu, na aanze kulilowesha jahazi siku chache kabla ya bamvua ya kulishusha.