Marumaru, Itale na Jiwe la Kiwandani

Maana ya neno marumaru imepanuka mno. Fundi wa Dar es Salaam asemapo kwamba anaweka marumaru sebuleni, mara nyingi huwa anaweka vigae vya udongo uliochomwa na kung'arishwa, wala si jiwe. Madukani nako jiwe jeusi lolote linalong'aa huuzwa kwa jina la itale, hata likiwa ni gabro, jiwe ambalo takriban halina kwatzi ndani yake. Mnunuzi anayetegemea jina na mng'ao peke yake aweza kulipia kitu kimoja na kupewa kingine. Linalofaa kuulizwa ni kwamba jiwe hilo limeundwa kwa madini gani, na jawabu lake hupatikana hata kwa vifaa vya maabara ya shule.

Marumaru halisi ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa umbo na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Madini yake makuu ni kalisaiti, yaani kabonati ya kalisi. Mwanafunzi aliyewahi kudondosha asidi hafifu ya hidrokloriki juu ya kabonati, akaona mapovu ya gesi ya kaboni dayoksaidi yakitoka, amekwisha kuona yatakayoipata meza ya jikoni iliyotengenezwa kwa marumaru. Maji ya limau yana asidi ya sitriki, siki ina asidi ya asetiki, na ukwaju una asidi ya tartariki. Tone lililosahauliwa huacha alama iliyofifia ambayo wengi huidhani kuwa ni doa, wakaisugua kwa sabuni bila mafanikio. Hilo si doa. Uso wa jiwe umeliwa, na dawa yake ni kulisaga na kuling'arisha upya.

Tofauti ya pili ni ugumu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa kadiri yanavyoweza kukwaruzana, kuanzia talki yenye namba 1 hadi almasi yenye namba 10. Katika kipimo hicho kalisaiti ni 3, felspa ni 6 na kwatzi ni 7, na chuma cha kisu cha kawaida hukaribia 5.5. Kwa hiyo kisu hukwaruza marumaru, lakini hakiikwaruzi itale, ambayo kwa sehemu kubwa ni felspa na kwatzi. Tena isisahauliwe kwamba mchanga unaoingia na viatu una punje nyingi za kwatzi. Sakafu ya marumaru iliyo mlangoni husagwa kidogo kidogo na kila apitaye, na baada ya muda njia ya watu huonekana wazi kwa kupoteza mng'ao, ilhali pembeni mwa chumba jiwe lingali jipya. Ukutani au chumbani, marumaru haina taabu hiyo.

Mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki walikwisha kuielewa kabonati ya kalisi karne nyingi zilizopita. Matumbawe, ambayo nayo ni kabonati hiyohiyo, yalikatwa baharini yangali laini, yakachongwa nakshi za mihrabu na milango, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Kuta zilipakwa lipu ya chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Kazi hizo zaonekana hadi leo Kilwa Kisiwani, na katika zidaka za nyumba za Lamu. Ni mapambo ya ukutani, mahali pasipofikiwa na kisu wala siki.

Itale hutokana na mwamba ulioyeyuka na kupoa polepole sana chini ya ardhi, hata chembe zake zikakua na kuonekana kwa macho. Majabali ya Mwanza ni ya jamii hiyo, na umri wake wapita miaka milioni 2,500. Ila itale ina vitundu vidogo, na mafuta ya kupikia huweza kupenya. Tone la maji likiachwa juu yake dakika chache na jiwe likageuka rangi, basi lahitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu.

Jiwe la kiwandani halina vitundu hivyo. Kwatzi iliyosagwa, ambayo mara nyingi hufikia asilimia 90 ya uzito wote, huchanganywa na rangi na gundi ya plastiki aina ya poliesta, kisha hushindiliwa kwa mtikisiko katika ombwe na kupashwa joto hadi ikauke. Limau haliliathiri. Udhaifu wake umo katika gundi: sufuria iliyotoka motoni huiunguza, na jua kali huibadilisha rangi. Terazo, iliyoenea katika ofisi na shule nyingi, ni ndugu yake wa zamani, lakini vipande vyake vya marumaru na saruji yake huliwa na asidi.

Liko jambo jingine ambalo mnunuzi halioni. Bamba likiisha kuwekwa halimdhuru mtu, bali kulikata kwaweza kumwua fundi. Vumbi laini la kwatzi huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu; chembe za ulinzi za mwili hulimeza, zikafa, na mahali pake pakabaki kovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, usio na tiba ya kuuponya. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vijana waliokata mawe ya kiwandani waliugua Israel, Hispania na Australia, na tangu tarehe 1 Julai 2024 Australia imepiga marufuku mabamba hayo. Itale nayo hutoa vumbi la kwatzi, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Marumaru safi hutoa kidogo mno.

Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii punje zenye upana wa chini ya mikromita 4, wakati unywele mmoja hukaribia mikromita 70. Kinachozuia ni maji yanayomiminika penye msumeno, pamoja na barakoa maalumu ya kuchuja vumbi. Kwa sababu hiyo vipimo vyote, pamoja na tundu la karo, vyafaa kukamilishwa mapema ili jiwe likatwe karakanani penye maji, wala lisikatwe kavu uani watoto wakitazama. Vumbi lililobaki hufutwa kwa kitambaa kibichi. Ufagio hulirusha tena hewani.