MASOMO YA SOSHOLOJIA NA KAZI ZAKE

Wapo wazazi wa Gungu, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, wanaouliza iwapo kijana aliyesomea Sosholojia ataweza kupata kazi. Yafuatayo ni maelezo kwa manufaa yao.

Sosholojia ni elimu ya jamii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shahada ya kwanza huchukua miaka 3, na mwanafunzi hufunzwa nadharia, takwimu na mbinu za utafiti.

Haja ya elimu hii si ngeni mkoani Kigoma. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikusanyika Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Penye maradhi hayo dawa pekee haitoshi. Hupasa pia kujua watu huteka maji wapi, na humwamini nani anapowapa maelekezo.

Mhitimu aweza kuomba kazi ya Afisa Maendeleo ya Jamii, ya utafiti, au katika mashirika yanayohudumia wakimbizi. Hata hivyo, nafasi za Serikali hupatikana kwa ushindani. Shahada si ahadi ya ajira. Kijana ajizoeze mapema takwimu na uandishi wa taarifa.