Kuingiza Programu Katika Kompyuta ya Kikundi



Vikundi vingine siku hizi vinapewa kompyuta kuukuu zenye Ubuntu. Huu ni mfumo wa kuendesha kompyuta uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004. Ni wa bure, na kila mtu ana ruhusa kuutumia na kumgawia mwenzake. Halafu kijana fulani anakuja na flashi: "Nitawawekea programu ya hesabu." Ngojeni kwanza!

Mkulima hanunui mbegu kwa mpita njia. Anakwenda kwenye agroveti, anaangalia kama pakiti imefungwa vizuri. Ubuntu nayo ina ghala lake kwenye intaneti, na kompyuta yenyewe hukagua sahihi ya ghala hilo kabla ya kupokea kitu. Programu nyingi humo ni za bure. Basi tuchukue huko.

Tuseme mweka hazina anataka GnuCash, programu ya kuweka hesabu za pesa:

1. Unganisha intaneti. Hata simu yaweza kutumika, kwa waya wa USB.

2. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Dirisha la kuandikia amri litafunguka.

3. Andika: sudo apt update, kisha bonyeza Enter. Utaulizwa neno la siri. Ukiliandika herufi hazionekani; usishtuke, endelea tu. Amri hii inaleta orodha mpya ya vitu vilivyomo ghalani.

4. Andika: sudo apt install gnucash. Kompyuta itakuambia data kiasi gani itatumika. Ukikubali andika y, ukikataa andika n, kisha Enter.

Ukitaka kuiondoa, andika: sudo apt remove gnucash.

Sasa sikilizeni vizuri. Neno sudo linaipa amri uwezo wa kubadilisha chochote ndani ya mashine, hata kufuta hesabu zenu zote. Kwa hivyo neno la siri lilindwe kama ufunguo wa sanduku la akiba. Msimpe kila mtu, na msiandike amri ya sudo msiyoielewa. Na kile kitabu cha karatasi msikitupe!

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

- Nani kati yetu anajua neno la siri? Tulikubaliana hivyo sote?

- Kompyuta ikiibwa leo usiku, kesho tutajuaje kila mwanachama ana akiba kiasi gani?