Kijana Hupewa Uhuru kwa Kipimo

Shirika la Afya Duniani huhesabu umri wa balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Katika miaka hiyo mzazi huwa na kazi ya kumwachia kijana maamuzi kidogo kidogo, huku yeye mwenyewe akiendelea kubeba dhamana ya malezi.

Katika Mkoa wa Songwe, Tanzania, uliozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kazi hiyo ina sura mbili. Vijijini Mbozi, kijana hukulia kwenye kahawa na mahindi, na mapato husubiri msimu. Tunduma, mji unaopakana na Nakonde ya Zambia, fedha huonekana kila siku: madereva wa malori hununua chakula, mizigo hubebwa, shilingi hubadilishwa kwa kwacha. Kijana wa miaka 15 anaweza kushika fedha yake kabla hajajifunza kuipangia. Kumhesabu kuwa mtu mzima kwa sababu anapata fedha ni kosa. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kuzuia pupa huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Wanyakyusa, majirani wa Wandali wa wilaya ya Ileje mkoani humo, waliwahi kuwa na utaratibu wao wa kumpa kijana uhuru. Wavulana wa miaka 10 hivi walianza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazazi na kulala huko na wenzao wa rika. Hata hivyo waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na walikwenda kwa mama zao kula, wakiwa kundi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company. Uhuru wa malazi ulitangulia. Mamlaka juu ya nchi yalikuja miaka mingi baadaye.

Mpango huo uliwahusu wavulana. Leo msichana naye anahitaji muda wa kukomaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba.

Nyumbani, hatua zinaweza kufuata umri. Mwenye miaka 12, awe wa kike au wa kiume, apike na kufua bila kukumbushwa. Kuanzia miaka 14, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo, na inakataza kumwajiri mtoto kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Katazo hilo lina uzito katika mji wenye biashara za usiku. Huu ndio umri wa kumkabidhi matuta machache ya mahindi na daftari la mapato na matumizi. Akichelewa kupanda na mavuno yakawa haba, mzazi asimfidie. Wakae pamoja wapitie daftari. Akifika miaka 16, apange mwenyewe matumizi yake ya shule kwa muhula mzima na asikilizwe kwenye kikao cha familia.

Kwa mpango huo, kijana anapotimiza miaka 18 na kuruhusiwa kupiga kura, anakuwa ameshazoea kuamua na kuwajibika kwa alichoamua.