Jora Hili ni la Pamba au la Tetroni?

Kikundi kimoja cha akina mama washonaji kiliagiza majora ya kitambaa kutoka ng'ambo, washone sare za shule kabla ya muhula kufunguliwa. Muuzaji aliandika kwenye invoisi neno moja tu: kotoni. Wakala naye akajaza namba ya pamba tupu. Mzigo ulipofika Mombasa, maofisa wa forodha wakakata kipande wakakipeleka kupimwa. Kumbe ilikuwa tetroni asilimia 60 na pamba asilimia 40! Mzigo ukazuiliwa, ada ya kuuweka ikapanda kila siku, muhula ukafunguliwa, na wazazi wakanunua sare kwingine.

Wale akina mama hawakuwa na nia ya kudanganya mtu. Ila walidhani, kama wengi wetu, kwamba kitambaa ni kile kinachoitwa na muuzaji. Forodha haiangalii jina, inaangalia nyuzi.

Kila bidhaa inayoingia nchini hupewa namba kutoka kitabu cha ushuru. Tarakimu sita za kwanza ni zile zile karibu dunia nzima, kwa mpango ulioanza kutumika mwaka 1988. Pamba iko sura ya 52. Nyuzi fupi za kutengenezwa kiwandani, kama tetroni ya mashati ya shule, ziko sura ya 55. Kitambaa cha mchanganyiko kitaingia wapi basi? Kanuni ni kwamba kinahesabiwa kana kwamba chote ni cha ule uzi uliozidi kwa uzito. Si kwa bei, wala si kwa jinsi kinavyohisi mkononi. Pamba 60 kwa tetroni 40 ni sura ya 52. Ukigeuza, ni sura ya 55. Na zikiwa sawa kabisa, 50 kwa 50? Hapo hushinda namba inayokuja mwisho kitabuni, yaani kitambaa kinaenda sura ya 55.

Sasa kuna mtego ambao hata mawakala wengine huingia. Tuseme kitambaa kina pamba asilimia 45, tetroni 40 na viskosi 15. Ukiangalia haraka haraka utasema pamba ndiyo kubwa. La hasha! Kwanza tunatafuta sura, na nyuzi za sura moja hujumlishwa. Nyuzi fupi za tetroni na za viskosi zote ni za sura ya 55, kwa hiyo 40 na 15 ni 55, na pamba imeshindwa. Tukishaingia ndani ya sura hiyo ndipo tunauliza kati ya hizo mbili ipi imezidi, na ni tetroni.

Baada ya sura huja mizani. Kitambaa chenye pamba asilimia 85 au zaidi huhesabiwa karibu kama pamba tupu: ni namba 5208 kikiwa na gramu 200 au chini kwa mita moja ya mraba, na 5209 kikizidi hapo. Pamba ikiwa ndiyo nyingi lakini haifiki 85, na iliyobaki ni tetroni, ni 5210 kwa chepesi na 5211 kwa kizito. Upande wa tetroni iliyochanganywa na pamba ni 5513 na 5514, lakini huko mpaka ni gramu 170.

Kupima si kazi ngumu. Chukua lile jora la akina mama: mita 100, upana mita moja na nusu, uzito wa kitambaa chenyewe kilo 27. Hiyo ni mita za mraba 150, na ukigawa unapata gramu 180. Kingekuwa na pamba nyingi kingehesabiwa chepesi, 5210. Kwa kuwa tetroni imezidi, ni kizito, 5514. Uzito ni ule ule!

Tarakimu zinazofuata hutazama kama kitambaa hakijapaushwa, kama ile merikani ya zamani, au kimepaushwa, kimetiwa rangi, kimefumwa kwa nyuzi za rangi mbalimbali au kimepigwa chapa. Ufumaji nao hutazamwa, maana drili si sawa na kitambaa cha kawaida. Kanga, kitenge na kikoi vina mistari yake. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, viwango vya kawaida vilikuwa 0, 10 na 25 kwa mia, lakini hivyo vitatu vilitengewa 50 ili kulinda viwanda vyetu. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha 35, na nguo ni kati ya vilivyoguswa. Kila nchi hupata pia nafuu zake katika gazeti la serikali, kwa hiyo uliza kiwango cha mwaka huu kabla ya kutuma pesa. Usisahau VAT, ambayo hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe.

Nyumbani unaweza kuchoma uzi. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Tetroni hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili. Lakini moto hautakupa asilimia, hiyo ni kazi ya maabara. Mwambie muuzaji aandike kwenye invoisi asilimia ya kila uzi, gramu kwa mita ya mraba na upana. Ukiwa bado na shaka, unaweza kuomba KRA uamuzi wa mapema kuhusu namba, kabla mzigo haujapakiwa. Na kama namba imeamuliwa na huridhiki, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakupa siku 30 tangu uamuzi kumwandikia kamishna akiomba uangaliwe upya. Andika mapema, eleza sababu zako, na uweke nakala ya barua pamoja na kipande cha kitambaa.